Mikate ya Denmark na siku inazozikumbuka



Mwaka 2025 nilikaa Denmark tangu mwezi wa pili hata mwezi wa sita, katika mji wa Odense, kwa jamaa moja ya Kikongo iliyopokelewa huko kama wakimbizi wengine wa nchi yetu. Tangu niliporudi watu waniuliza habari za theluji, za baridi na za magari. Mimi napenda kuwasimulia habari za mikate. Mtu asicheke. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mfano wa unga na chachu. Tena, ukitaka kujua moyo wa watu, tazama kwanza wanakula nini siku ya furaha.

Mkate wao wa kila siku ni mweusi, mzito, mchachu kidogo. Umefanywa kwa nafaka iitwayo rug, ndugu ya ngano ivumiliayo baridi. Huo ndio bugali wao. Lakini siku ya Mungu asubuhi, au siku ya kuzaliwa ya mtoto, au mgeni akitazamiwa, mtu mmoja wa nyumbani huvaa koti lake na kwenda kwa mwokaji. Juu ya mlango utaona alama ya kazi hiyo tangu zamani: mkate uliosokotwa kama fundo, umepakwa rangi ya dhahabu, na juu yake taji. Kabla hujaufungua mlango, harufu ya siagi, ya mdalasini na ya iliki imekwisha kukukaribisha.

Mkate wao ujulikanao ulimwenguni pote huitwa wienerbrød. Kazi yake yataka saburi. Mwokaji hukanda unga wa ngano pamoja na maziwa baridi, mayai, sukari kidogo na chachu. Huutandaza kama mkeka, huweka juu yake bamba la siagi baridi, huufunika, huusukuma uwe mwembamba, hukunja sehemu tatu kama mtu akunjavyo barua, kisha huupumzisha mahali pa baridi. Halafu husukuma tena na kukunja tena. Kisha mara ya tatu. Tatu mara tatu mara tatu: ndiyo matabaka 27 ya siagi. Akifanya haraka, siagi huyeyuka ikaingia katika unga, na kazi yote imeharibika. Akingoja, moto wa tanuru huinua kila tabaka, na mkate unavunjika mdomoni kama jani kavu la mgomba. Mmoja, spandauer, una katikati yake uji mtamu wa mayai na maziwa, au jamu. Mwingine umeviringwa pamoja na mdalasini, na jina lake ni konokono.

Jina lile wienerbrød maana yake ni mkate wa Vienna, mji mkubwa wa Austria. Wazee wa kazi hiyo husimulia kwamba mwaka 1850 vibarua wa waokaji waligoma, na mabwana wao wakaita mafundi wa nchi za nje, na wa Austria pia. Hao walileta namna yao ya kukunja unga na siagi. Mgomo ulipokwisha, Wadenmark walishika ufundi ule wakautengeneza kadiri ya desturi yao. Lakini nenda Austria leo: kule mkate wa namna hiyo waitwa kwa jina la Copenhagen! Kila mmoja amtaja jirani yake. Jambo hili lilinipendeza sana. Sisi twagombana mara nyingi kwa ajili ya mwenye wimbo ni nani, mwenye ngoma ni nani, mwenye mlima ni nani. Kumbe uko mkate ambao mataifa mawili wanapeana sifa yake.

Hata hivyo, Mwafrika akionja utamu wa Ulaya ya zamani, hawezi kusahau yote. Katika bahari ya Karibi Denmark ilikuwa na visiwa vitatu, na huko watu walionunuliwa pwani ya Afrika ya Magharibi walilima miwa chini ya kiboko, ili sukari ifike Copenhagen. Mwezi wa saba mwaka 1848 watumwa wa kisiwa cha St. Croix walisimama pamoja wakadai uhuru wao, wakapewa. Hesabuni wenyewe: ni miaka miwili tu kabla ya mgomo ule wa waokaji. Visiwa vile viliuzwa kwa Marekani mwaka 1917. Mkate hauna kosa, wala mtoto anayeula leo. Lakini kabla ya kula sisi wakristu twasema asante, na asante ya kweli huwakumbuka waliolima, hata wasioonja kamwe.

Kila upande wa nchi una mkate wake. Odense iko katika kisiwa cha Fyn, na mkate wa Fyn ni brunsviger. Huo hauna matabaka. Ni mnene na laini. Mwokaji hubonyeza mashimo kwa vidole vyake, kisha humimina juu siagi na sukari nyekundu iliyoyeyuka, hata mashimo yanakuwa visima vidogo. Watoto hutafuta kipande chenye kisima kirefu. Siku ya kuzaliwa ya mtoto hukatwa mfano wa mtu, wakampamba kwa peremende, na mara nyingi mtoto huanza kumkata shingo. Nilicheka kweli.

Mara nyingi nilinunua kipande changu, kisha nikaenda kuingia katika kanisa kubwa la kale la mji ule. Chini ya altare yake imo mifupa ya Mtakatifu Knud mfalme, aliyeuawa na watu wake mwenyewe ndani ya kanisa, tarehe 10 mwezi wa saba mwaka 1086. Leo kanisa lile ni la Waprotestanti, maana Denmark iliacha umoja na Roma mwaka 1536. Wakatoliki huko ni wachache, katika watu mia hawafiki hata mmoja. Nilipiga magoti mbele ya mifupa ile, nikamwombea kila mtu katika mji uliomsahau na kumtunza pia.

Upande wa kusini, mpakani na Ujerumani, desturi ni nyingine tena. Mwaka 1864 Denmark ilishindwa vitani, na nchi ya Sønderjylland ikatawaliwa na Wajerumani hata mwaka 1920, wenyeji walipopiga kura na upande wake wa kaskazini ukarudi. Katika miaka ile watu waliopenda lugha yao walijenga nyumba za kukutania. Serikali haikuwapa ruhusa ya kuuza pombe ndani yake. Basi, walifanya nini? Walipika kahawa, na kila mama alileta mikate ya nyumbani kwake. Wakakaa, wakaimba nyimbo zao, wakasema lugha yao, wakala. Hata leo meza ya kahawa ya kusini yajulikana nchi nzima. Kwa desturi kamili huwekwa namna saba za mikate laini na namna saba za mikavu, na mgeni mwema huonja zote. Mimi nilifika ya tisa, nikaomba msamaha. Iliyonishinda kwa utamu ni torte ya mkate ule mweusi wa kila siku, uliosagwa na kuokwa pamoja na njugu za Ulaya, wenye krimu na jamu ya matunda meusi. Mkate wa maskini umevaa nguo ya arusi! Na tazameni: wale walionyimwa neno, waliweka moyo wao mezani, na miaka 56 haikuuondoa.

Sasa nifike kwenye mkate ulionifundisha zaidi ya yote. Mwisho wa majira ya baridi waokaji huuza mikate ya mviringo, imejaa krimu na jamu, juu imepakwa sukari au chokoleti. Jina lake ni fastelavnsboller. Fastelavn maana yake ni mkesha wa kufunga: ni siku zile za mwisho kabla ya Kwarezima. Zamani Wadenmark walimaliza mayai, maziwa na siagi, kwa sababu mfungo ulikuwa mlangoni. Mfungo uliondoka pamoja na mambo mengine ya Kanisa. Mkate ulibaki. Watoto huvaa nguo za kuchekesha, hupiga pipa kwa fimbo mpaka peremende zinamwagika, na mikate huuzwa tangu mwezi wa kwanza. Ni sikukuu ya kukaribisha mgeni asiyekuja tena.

Nyumbani kwa jamaa yangu kuna mtoto wa miaka tisa aliyezaliwa huko. Dominika ile, mdomo wake umejaa krimu, aliniuliza:

«Mjomba, Yezu naye alikula fastelavnsbolle?»

Nikamjibu: «Jina lake maana yake ni nini?»

«Ni mkate wa krimu.»

Mama yake alinyamaza. Jioni, tulipokuwa tukiosha sahani, aliniambia polepole: «Katekista, watoto hawa wanajua mkate, hawajui siku yake. Mimi nilifundishwa na bibi yangu kule Kivu, gizani, karibu na moto. Nikifa huku, nani atawaambia?»

Sikuwa na jibu. Yeye mwenyewe alilitafuta. Jumanne kabla ya Majivu alileta mikate ile tena, akaiweka katikati ya meza, wala hakuwaruhusu kuishika. Akawaeleza jina lake neno kwa neno: huu ni mkesha, kesho ni mfungo, Bwana Yezu alikaa jangwani siku arobaini. Halafu wakala wote kwa furaha. Siku ya pili walipokea majivu katika kanisa katoliki la Mtakatifu Albano. Sheria ya mfungo haiwafungi watoto, lakini wenyewe walikubali kuacha mikate mitamu hata Paska, na fedha yake wakaitia katika kopo kwa ajili ya maskini. Kila asubuhi yule mdogo alipita mbele ya duka la mwokaji akienda shule. Si jambo dogo kwa mtoto wa Fyn!

Tarehe 20 mwezi wa nne, siku ya Paska, baada ya Misa mama alifungua sanduku la brunsviger. Mtoto alikula kipande kimoja, akatazama kile kilichobaki, akasema: «Mama, wamebadili sukari?»

Mama akamjibu: «Sukari ni ile ile. Wewe ndiwe uliyengoja.»

Wasomaji wangu, nimesikia mahubiri mengi juu ya Kwarezima. Sijasikia fupi kuliko hayo.

Mwezi uliofuata niliona jambo jingine. Tangu mwaka 1686 Wadenmark walikuwa na Siku Kuu ya Maombi, Ijumaa ya nne baada ya Paska, iliyowekwa wakati wa mfalme Christian wa Tano. Siku hiyo kazi zote zilikatazwa, na ya waokaji pia. Basi watu walinunua mikate ya ngano jioni yake, ili waipashe moto kesho. Lakini harufu ya iliki iliwashinda, wakaanza kuila usiku ule ule ingali na moto. Mikate hiyo huitwa hveder. Hukatwa katikati, hukaangwa kidogo, hupakwa siagi. Ni ya kawaida kabisa, wala sijui kwa nini mtu hawezi kula mmoja tu.

Mwaka 2023 baraza la nchi liliamua kuiondoa siku hiyo katika siku za mapumziko. Serikali ilisema kazi ya siku moja zaidi italeta fedha za ulinzi wa nchi, maana vita vya Ukraine viliwatia hofu. Tangu mwaka 2024 Ijumaa ile ni siku ya kazi. Lakini Alhamisi jioni, tarehe 15 mwezi wa tano mwaka 2025, maduka yalijaa hveder. Jirani yetu, mzee Mprotestanti mwenye heshima, alituletea sita ndani ya kitambaa. Nikamwuliza kwa nini wanazila bado. Akasema: «Serikali ilichukua siku. Mikate haikuichukua.» Nikamwuliza habari za maombi. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: «Mama yangu alikuwa akiomba.»

Neno lile halijanitoka. Siku iliondolewa na sheria, na watu walinung'unika na kuandamana. Maombi hayakuondolewa na sheria yo yote. Yalitoka yenyewe, polepole, nyumba kwa nyumba, wala hakuna aliyeandamana.

Nasi tusiwahukumu watu hao, maana walinipokea vizuri na kunilisha. Tujitazame. Hapa kwetu hakuna anayetaka kutuondolea Noeli. Lakini je, mtoto akivaa nguo mpya, akala wali na nyama, akanywa limonadi, anajua ni nani aliyezaliwa? Komunyo ya kwanza ina kilo ngapi za mchele, na saa ngapi za mafundisho? Sikukuu inaweza kuwa na kila kitu mezani, na mwenye sikukuu amesimama nje.

Sisemi tupunguze chakula. Mungu alifanya siagi, mdalasini na ulimi pia, na mimi nimekula mikate ile kwa furaha bila haya. Nasema hivi: wazazi, mnapompa mtoto mkate wa sikukuu, mpeni pamoja nao jina la siku. Mwambieni kabla hajala, kwa maneno machache, kama mlivyoambiwa ninyi karibu na moto. Mikate yajua kukumbuka siku muda mrefu sana, lakini haijui kusali. Kazi hiyo Mungu ametuachia sisi.