Sakitu, viazi vya Mama na programu yangu

Leo nawasimulia hitilafu moja iliyonipa aibu kuliko zote nilizowahi kutengeneza.

Kwetu ni Kinangop, uwanda ulio chini ya milima ya Aberdare, kama mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Ikweta iko karibu, lakini mbingu zikiwa wazi usiku wa Januari, alfajiri utakuta nyasi nyeupe kwa sakitu. Ndiyo maana mkulima wa viazi hana muda wa kupoteza: apande mvua za vuli zikianza, avune kabla ya baridi hiyo. Mama hupanda shangi kwa kuwa hukomaa kwa takriban miezi mitatu.

Mwaka 2022 mvua zilichelewa. Januari 2023 ikavikuta viazi vingali vinatoa maua. Nikamwambia Mama asiwe na wasiwasi, mwanawe ni fundi wa kompyuta. Nikafunga kipimajoto kwenye ukingo wa paa, nikaandika programu ya kumtumia meseji joto likishuka hadi digrii 2, apate kuamka na kufunika shamba kwa magunia na nyasi kavu.

Usiku mmoja kipimajoto hakikushuka chini ya digrii 4. Meseji haikwenda. Asubuhi majani yote ya sehemu ya bondeni yalikuwa meusi, kama yaliyomwagiwa maji moto.

Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Jioni niliona nyota nyingi na upepo umetulia, nikatoa magunia nje. Halafu nikangoja meseji yako, nikalala."

Jamani, maneno hayo yaliniuma!

Nilikagua programu mstari kwa mstari. Haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ni mahali nilipopimia. Mawingu huzuia joto la ardhi lisipotee haraka. Yasipokuwepo, udongo na majani hupoa upesi kuliko hewa iliyo juu yake. Hewa baridi nayo ni nzito, hutiririka kama maji na kutuama bondeni. Paani palikuwa na digrii 4, na kule chini majani yalikuwa yanaganda.

Sasa kipimajoto kiko bondeni, kimo cha jani la kiazi, na onyo hutoka mapema zaidi. Tena nimeongeza jambo moja: kila jioni ya Desemba hadi Februari, programu humtumia Mama swali, "Nyota zinaonekana? Upepo upo?" Akijibu kwamba nyota zipo na upepo hakuna, onyo hutoka hapo hapo, hata kama kipimajoto kinasema kuko salama.

Mama hucheka. Anasema siku hizi akishanijibu, magunia huwa tayari yako shambani.

Haya, tuonane wakati mwingine.