Kazi ya Mwamuzi wa Mpira

Watu wa mtaa wetu hapa Bukavu hutuuliza mara kwa mara: "Mwalimu, umeona nini hata ukavaa nguo za arbitri? Huogopi mawe?" Swali hili si baya. Nani katika mji huu hajapata kusikia matusi yanayomwangukia mwamuzi Muungano na Bukavu Dawa wakutanapo? Basi tumeona vema kuwaeleza wasomaji kazi hii ni kazi gani, na jinsi tulivyoingia ndani yake.

Kwanza, mtu hajipi filimbi mwenyewe. Mpira wa mji huongozwa na Entente Urbaine. Juu yake iko Ligue ya Kivu ya Kusini, na juu ya hiyo Shirikisho la taifa, yaani FECOFA. Mwanafunzi huanzia chini: hufundishwa, hupimwa, kisha hupewa michezo ya watoto kabla ya kukabidhiwa ya wakubwa.

Mafunzo ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya kichwa. Sheria za mpira ni 17 tu, nazo hutunzwa na baraza la IFAB lililoanzishwa mwaka 1886. Sisi tuliopita seminarini tulizoea kusoma sheria neno kwa neno, tena bila haraka. Lakini uwanjani sheria lazima ikumbukwe mara moja, huku wachezaji 22 wakikukodolea macho. Tulifundishwa kwamba ukuta wa wachezaji husimama meta 9.15 kutoka kwenye mpira, na kwamba kuwa mahali pa kuotea si kosa. Kosa ni kuingilia mchezo ukiwa hapo. Tulifundishwa pia asili ya kadi. Mwingereza Ken Aston, aliyekuwa mwalimu wa shule, alipata wazo hilo kwa kutazama taa za barabarani, na kadi zikatumika mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 huko Meksiko.

Namna ya pili ni ya miguu. Katika kipimo cha FIFA kwa waamuzi wa kimataifa, mwanamume hukimbia meta 75 kwa sekunde 15, akatembea meta 25 apate kupumua, kisha hukimbia tena, mpaka mara 40. Mtu wa Kadutu apandaye mlima kila siku hudhani ana pumzi nyingi. Ajaribu, ataona.

Lakini mtihani mgumu kupita yote hauandikwi kwenye karatasi. Usiku mmoja, kabla ya mchezo wa vijana, mtu alitujia nyumbani na bahasha. Hakusema neno baya. Alisema tu, "Mwalimu, hii ni ya sabuni ya watoto. Kesho utukumbuke." Kweli, sabuni ilikuwa imekwisha, na mama watoto alijua hivyo. Tulimpa mgeni maji ya kunywa, tukamrudishia bahasha yake. Kesho yake timu yake ilishinda mabao mawili kwa moja, tena kwa haki kabisa. Fikirini, ndugu: kama tungalipokea, nani angalijua kwamba vijana wale walishinda kwa miguu yao wenyewe? Hata sisi tusingalijua. Mwamuzi apokeaye fedha humwibia aliyeshindwa, na aliyeshinda naye humwibia ushindi wake.

Wako wanaosema kwamba kazi hii haimfikishi mtu popote. Na watazame ng'ambo ya mto Ruzizi. Salima Mukansanga, mzaliwa wa wilaya ya Rusizi katika Rwanda, alikuwa mwanamke wa kwanza kuamuzi katikati ya uwanja katika Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, tarehe 18 Januari 2022, Zimbabwe ilipocheza na Guinea. Mwaka ule ule aliitwa kwenye Kombe la Dunia huko Qatar.

Basi, vijana wa parokia, wavulana kwa wasichana, kama mwaupenda mpira lakini miguu haijui kufunga mabao, msikae pembeni mkitukana tu. Ulizeni habari za mafunzo ya waamuzi. Njooni na daftari, viatu vya kukimbilia, na masikio yasiyoumia upesi. Bahasha waachieni wenyewe.