Ukuta wa Aprili

Mwaka wa galari ya picha jijini Nairobi huanza Septemba. Wafanyakazi wa balozi na wa mashirika ya Umoja wa Mataifa kule Gigiri huwa wamerudi kutoka likizo, na wapya wamewasili na kukabidhiwa nyumba zenye kuta tupu. Hao ndio wanaotafuta cha kutundika sebuleni, kwa hiyo maonyesho makubwa hupangwa kati ya Septemba na Novemba. Desemba huwa ya kazi ndogondogo za wasanii wengi pamoja, za bei ambayo mtu anaweza kumudu kumnunulia mwenzake zawadi ya Krismasi. Januari ni mwezi wa karo, hakuna anayeuliza bei ya picha. Juni na Julai biashara huchangamka kidogo kwa sababu wageni waliomaliza mikataba hutaka kitu cha kuondoka nacho. Kabla ya hapo, tangu mwisho wa Machi hadi Mei, ni masika: mvua, foleni za magari, na, zamani, galari isiyo na mtu.

Kalenda hii niliijua mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa fundi wa fremu kijana. Karakana yetu ilikuwa nyuma ya duka la vioo upande wa River Road, na mmoja wa wateja wetu wa kudumu alikuwa galari ndogo ya ghorofa ya kwanza, mwendo wa dakika chache kutoka kwetu, katikati ya mji. Ilikuwa na chumba kimoja kirefu cha maonyesho, na kingine cha nyuma ambamo picha zilisimamishwa zikiegemeana, kadibodi katikati yake. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu. Sote tulimwita Mama. Kabla ya kila onyesho nilikwenda na fremu, nyundo, misumari na pimamaji, nikashinda huko kutwa nikitundika. Yeye alisimama katikati ya chumba akielekeza: hiyo ishushe, hizo mbili ziachanishe, hiyo haipendi kukaa karibu na dirisha.

Wasanii waliacha kazi zao kwa mali kauli. Daftari lilionyesha jina, kipimo cha picha, bei, na fungu litakalobaki galarini picha ikiuzwa. Iliponunuliwa, kitone chekundu kilibandikwa kando yake, na picha ikabaki ukutani mpaka onyesho liishe ili wengine waone kwamba imepata mwenyewe. Kumpasha habari msanii kulikuwa kazi. Simu ilipigwa kwenye duka la kijijini kwao, mwenye duka akatuma mtoto, na siku ya pili au ya tatu msanii akatokea akiwa amevaa shati safi. Nilipenda kuwapo siku hizo.

Galari ambayo sote tuliitazama kwa mfano ilikuwa Gallery Watatu, Standard Street. Iliasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na wasanii watatu, Jony Waite, Robin Anderson na David Hart. Katikati ya miaka ya 1980 ikachukuliwa na Ruth Schaffner, mama aliyekuwa ameendesha galari California. Humo ndimo nilimoona kwa mara ya kwanza ng'ombe wa Jak Katarikawe, wa buluu na wa zambarau, wakitazamana kama wapenzi. Katarikawe alitoka Kigezi, Uganda, na alikuwa dereva kabla hajaishi kwa brashi. Kivuthi Mbuno wa Mwingi alikuwa mpishi wa misafara ya safari. Sane Wadu alikuwa mwalimu. Watu walipoanza kusema amerukwa na akili kwa kuacha kazi ya serikali akapake rangi, akajipa jina la Kiingereza, Sane, linalowajibu kwamba akili zake ni timamu. Ancent Soi alikuwa ametangulia mbele zaidi, kwani mchoro wake ulifanywa bango la michezo ya Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972.

Kulikuwa na manung'uniko, na yalikuwa na haki yake. Waliosomea sanaa chuoni walisema soko la wageni linampenda msanii asiyesoma, kwamba mnunuzi wa Ulaya anataka picha pamoja na hadithi ya umaskini wa aliyeichora. Ni kweli kwamba hadithi iliuzwa. Lakini nilizishika kazi hizo mikononi, nikazipima na kuziwekea kioo, na najua kwamba Wadu na Katarikawe wangekuwa wachoraji wakubwa hata kama wangezaliwa na mali.

Schaffner alifariki mwaka 1996. Watatu iliendelea kwa vipindi, ikabadilisha mikono, mpaka mapema miaka ya 2010 ikafungwa.

Turudi kwa Mama. Kila masika alifanya jambo ambalo sikuona umuhimu wake hadi lilipokoma. Kwa kuwa Aprili haikuwa na wanunuzi, hakuna msanii mwenye jina aliyekubali kuonyesha mwezi huo. Basi Mama alitoa ukuta mzima, ule wa kulia unapomaliza ngazi, kwa watu ambao hawajawahi kutundikwa popote. Masharti yalikuwa machache. Kazi iwe yako. Bei isizidi ile anayoweza kuimudu karani au mwalimu. Kama huna pesa ya fremu, fundi atakufanyia kwa vipande vilivyobaki Desemba, utalipa ukiuza.

Fundi huyo nilikuwa mimi, na vipande hivyo vya saiprasi vilinifundisha kazi kuliko mbao nzuri. Hakuna vilivyolingana. Ilibidi nikate, nipige msasa, niunganishe pembe kwa gundi na misumari midogo, kisha nipake rangi moja ili picha za watu wasiojuana zionekane za ukuta mmoja. Wengi walileta kazi ambazo hazikuwa zimewahi kuwa wima: karatasi zilizokunjwa ndani ya gazeti, hadibodi yenye rangi ya kupakia mageti, turubai lililoshonwa kwa magunia ya unga. Nikiisha kuweka fremu nilimwita mwenye kazi aje aangalie. Mara nyingi alinyamaza. Mmoja aliniuliza, "Fundi, hii ni ile yangu?"

Namkumbuka zaidi kijana wa Kangemi aliyekuwa akichora ng'ombe na mbuzi kwenye kuta za mabucha. Alileta picha ya watu wanaopanga mitungi ya maji kioskini, mitungi mingi ya manjano na watu wachache nyuma yake. Mama alimwuliza kwa nini mitungi ni mikubwa kuliko watu. Akaeleza kwamba foleni inajulikana kwa mitungi. Mwenye mtungi anaweza kwenda kufua, kunyonyesha, hata kulala, mtungi ukabaki ukimshikia nafasi yake. Alizungumza kwa muda mrefu, akaeleza nani hugombana na nani na saa ngapi maji hukatika. Mama hakumsahihisha chochote. Aliniambia, "Hiyo weka peke yake." Niliitundika katikati ya ukuta, kitovu chake kikiwa usawa wa macho, na pande zote mbili nikaacha nafasi tupu. Ilinunuliwa na nesi aliyeingia kujikinga mvua. Alilipa kwa awamu mpaka Agosti. Miaka iliyofuata yule kijana alionyesha Oktoba, pamoja na wakubwa.

Hivyo ndivyo msimu mbaya wa biashara ulivyokuwa msimu mwema wa wasanii wapya. Galari ilipata kitu cha kuonyesha wakati haina kitu, msanii akapata ukuta, na mtu wa kawaida akapata picha ya bei yake. Hapakuwa na mfadhili wala shirika. Ilikuwa hesabu ya duka, na mwenye duka aliyependa watu.

Mambo yaligeuka polepole. Kuona Trust ilianza mwaka 1995 katika uwanja wa Makumbusho ya Taifa, ikawapa wasanii mahali pa kufanyia kazi pamoja. Mwaka 2003 ikafunguliwa GoDown Arts Centre katika eneo la viwanda. Mnunuzi akaanza kumfuata msanii kwenye karakana yake, na msanii akaona hana sababu ya kuacha fungu galarini. Sikuwalaumu. Wakati huohuo katikati ya mji pakawa pagumu. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani la Agosti 1998 wageni wengi waliacha kuja mjini kwa miguu. Mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, kuna miezi ambayo sikukata fremu hata moja ya galari. Kodi ya nyumba ilipanda, maegesho yakakosekana. Galari zikahamia Westlands, Lavington, Rosslyn, nyingine hadi Limuru, kwenye nyumba nzuri zenye bustani na mlinzi getini. Mama alifunga ya kwake akarudi kwao Nyeri. Kilichopotea hapo ni mpita njia. Nesi anayekimbia mvua hawezi kuingia Rosslyn kwa bahati.

Novemba 2013, wiki chache tu baada ya shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, kampuni ya Circle iliendesha mnada wa sanaa za Afrika Mashariki katika hoteli moja jijini, na wengi walidhani hautahudhuriwa. Ulijaa. Zaidi ya fedha, mnada ule ulileta bei hadharani. Kabla ya hapo bei ilikuwa siri ya mwenye galari na mnunuzi. Sasa nyundo iligongwa mbele ya watu, na wanasheria na watu wa benki, Wakenya, wakainua mikono kushindania picha za wenzao. Baadaye Circle ikafungua galari yake Lavington. Mwaka 2019 sheria ya hakimiliki ikarekebishwa, msanii apate asilimia 5 ya bei picha yake inapouzwa tena. Kwa miaka mingi niliona kazi zilizonunuliwa kwa bei ya viatu zikibadilisha mikono kwa pesa nyingi, huku aliyezichora akihangaika na deni la dukani, kwa hiyo sheria hiyo naiheshimu, na natamani itekelezwe kwa ukamilifu.

Hata kazi yangu ilibadilika. Wasanii wa leo hupaka turubai kubwa zinazotundikwa bila kioo wala fremu. Wengine, kama Cyrus Kabiru na miwani yake ya vyuma chakavu, hufanya vitu visivyohitaji ufundi wangu kabisa. Mimi sasa natengeneza zaidi viunzi vya kuwambia turubai na masanduku ya kusafirishia kazi zinazokwenda ng'ambo. Wateja ni wengi kuliko zamani na wanalipa kwa wakati.

Lakini Aprili imejaa. Galari iliyofanikiwa haina tena mwezi mtupu: masika hupewa msanii mwenye jina ambaye kazi zake zitauzwa kwa simu kabla ufunguzi haujafika, mvua inyeshe isinyeshe. Msanii mpya anatakiwa kutuma picha za kazi zake kwa barua pepe, wasifu, orodha ya maonyesho aliyokwisha kushiriki, na ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiingereza. Fikiria mtu ambaye hajawahi kuonyesha, anaombwa orodha ya maonyesho. Na huo ukurasa wa Kiingereza ndio unaoniuma. Vijana wanaokuja kwangu kutoka Kayole na Kariobangi wanaweza kusimama mbele ya kazi yao wakaichambua kwa Kiswahili mpaka giza liingie. Wakifika kwenye ukurasa ule, wanatafuta jamaa wa kuwaandikia, na kinachoandikwa hakifanani nao wala picha. Kama yule kijana wa mitungi angetakiwa kuandika, Mama asingesikia habari ya mtungi kumshikia mtu nafasi.

Sisemi zamani palikuwa peponi. Wanawake waliotundikwa ukuta ule walikuwa wachache mno ukilinganisha na leo, na malipo mara nyingine yalichelewa hadi aibu. Nafurahi pia kwamba wazee wanaenziwa wakiwa hai. Mwaka 2022 taasisi ya sanaa ya NCAI, iliyoasisiwa na mchoraji Michael Armitage, ilikusanya kazi za Sane Wadu za miaka mingi chini ya paa moja. Nilitembea humo polepole, nikafikiria kwamba mtu huyu naye aliwahi kubeba turubai kwapani, akapanda ngazi za galari bila orodha ya maonyesho.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye galari ndogo, na naliomba nikiwa mtu wa kazi hiihii: tengeni ukuta mmoja, mwezi mmoja kwa mwaka, kwa wasiojulikana. Msiwaombe wasifu. Wasikilizeni kwa Kiswahili, au kwa Gikuyu au Kijaluo ikiwa mnakijua, na maelezo ya Kiingereza yaandikwe na galari yenyewe. Bei ziwe za karani na mwalimu. Fremu za ukuta huo nitazikata mimi, nao watalipa wakiuza.

Nawe msomaji ambaye hujawahi kuingia galari kwa kudhani ni mahali pa matajiri: ingia. Mlinzi getini akikuuliza unakwenda wapi, mwambie unakwenda kutazama picha. Uliza bei, uliza nani amechora, uliza kama unaweza kulipa kwa awamu, maana nyingi hukubali. Kiingilio hakuna.