Huyu Siye Mario, Huyu Siye Mke Wangu

Mpenzi msomaji, kabla hujanicheka, ujue kwamba haya nimeshamsimulia mke wangu na yeye alinicheka mpaka akashika mbavu. Ni habari ya gemu ya watoto na ndoa ya watu wazima. Kama huna uvumilivu wa gemu, nivumilie kwa ajili ya ndoa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 pale Uyole njia panda, ambapo barabara ya Tukuyu na Kyela inaachana na ile kubwa ya Dar es Salaam na Tunduma, kulikuwa na banda la gemu nyuma ya maduka. Mabati, benchi mbili, TV ya chogo na mashine ya Kichina ya kuchomeka kaseti. Zamu moja shilingi 50, ukifa mara tatu unampisha mwenzio. Nje baridi ya Juni inakata masikio, ndani tumebanana watoto kumi na tano tunanuka moshi wa kuni, na hakuna anayetaka kutoka.

Mario tulimjua kama njia ya shule. Unakwenda kulia, unaruka, unamkanyaga adui kichwani anabonyea. Ulikopita skrini hairudi, na juu kuna saa inayokuhesabia. Steji ziko 32, na kila ukimaliza ngome unaambiwa binti mfalme yuko ngome nyingine, hadi ya nane. Huyo binti mfalme kazi yake ilikuwa moja tu, kusubiri kuokolewa. Wala hatukuwahi kujiuliza huko ndani anakula nini.

Siku moja mwenye banda akaja na kaseti mpya. Mario wa pili! Tulipiga kelele mpaka mama muuza maandazi akaja kuchungulia. Kaseti ikachomekwa, na shangwe ikafa pale pale. Mario anadondoka kutoka mbinguni. Tunamrukia adui kichwani, hafi. Tunasimama juu yake naye anatembea zake na sisi mgongoni kama abiria wa daladala. Ukiona majani ardhini unayang'oa, inatoka mboga, unamrushia adui. Jamani, mboga! Sisi tuliotumwa kung'oa viazi tangu asubuhi tumelipa hela ya maandazi ili tukang'oe mboga kwenye TV? "Siyo Mario huyu, feki hii!" Tulidai kaseti ya zamani irudishwe, ikarudishwa. Mimi nilikuwa mbele kabisa katika kudai.

Sasa ruka miaka mingi. Nilisoma, nikapata kazi Dar es Salaam, nikaoa. Mke wangu alikuwa karani katika ofisi moja Posta. Jioni ananisubiri kituoni, kucha zimepakwa rangi, viatu vinang'aa, anauliza siku yangu ilikuwaje. Miaka minne tuliishi hivyo, na nakiri nilijiona bingwa. Mwaka 2019 mkataba wangu ukaisha na haukuongezwa. Mwaka uliofuata tukafunga virago na mtoto wetu, tukarudi Uyole kwenye nyumba ya marehemu baba, "kwa muda tu," nikawaambia watu.

Mimi nikakaa kutuma barua za maombi ya kazi. Mwenzangu akakaa wiki tatu, kisha akanunua buti za mvua. Alianza na magunia manne ya viazi mviringo kutoka Isyonje, akayauza hapo hapo barabarani. Mara nasikia ana magunia arobaini kwenye lori la watu linalokwenda Dar. Akajifunza kujua kiazi kwa kukikwaruza na ukucha, ule ule wa zamani, sasa hauna rangi, una udongo. Akajifunza kubishana na madalali habari ya lumbesa, sauti imepanda, mkono kiunoni. Na mimi? Nilikuwa naambiwa na majirani, "Shemeji yetu jembe kweli," halafu nakunja uso kama nimetukanwa.

Usiku mmoja aliingia saa tatu, matope mpaka magotini, simu sikioni. Chakula alikuwa amepika dada, mtoto amelala. Nikamwambia neno ambalo hadi leo natamani lingekuwa na kamba nilivute lirudi: "Wewe siye niliyemuoa."

Hakujibu. Alikata simu, akavua buti moja, akabaki ameishika mkononi. Asubuhi alimchukua mtoto akaenda kwa mama yake Tukuyu. Hakupiga mlango wala hakulia. Kusema ukweli, kilichonitisha ni ule utulivu.

Alikaa huko siku kumi na mbili. Mashine ya gemu nilikuwa nimemnunulia mwanangu Mwanjelwa, zile zile za Kichina, bado zinauzwa. Usiku wa pili wa upweke nikaiwasha, nikapekua orodha ya kaseti, nikamkuta: Mario wa pili. Nikasema ngoja.

Nilicheza kwa kichwa cha Mario wa kwanza, nikafa kama kuku wa mdondo. Nilikuwa nakimbilia kulia na hakuna saa inayonikimbiza. Nakanyaga vitu visivyokanyagika. Usiku wa tatu ndipo nikagundua kwamba humu unaweza kurudi nyuma, kile ulichokiacha bado kipo. Na kwamba kabla ya kila steji unachagua mchezaji: Mario, Luigi anayeruka juu kuliko wote, Toad mwenye kofia ya uyoga anayeng'oa mboga upesi, au binti mfalme. Ndiyo, yule yule wa kusubiri! Kung'oa anakwenda taratibu kuliko wote, lakini akiruka anaelea hewani kama sekunde moja na nusu, mashimo yanayomuua Mario yeye anayapita juu kwa juu. Sikumchagua. Kiburi kilikuwa bado kipo.

Kwa kuwa sikuwa na usingizi nikatafuta kwenye simu historia ya kitu hiki, nikakaa kitako kitandani. Nintendo walitoa Mario wa kwanza mwaka 1985. Mwaka 1986 Wajapani wakapata Mario wa pili aliyekuwa karibu sawa na wa kwanza, ila mgumu, mwenye uyoga wa sumu na upepo wa kukusukuma. Kampuni hiyo hiyo tawi la Marekani ikaona wateja wake hawatamuweza. Basi ikachukuliwa gemu nyingine kabisa ya mwaka 1987, Yume Kōjō: Doki Doki Panic, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na kituo cha Fuji Television. Mashujaa wake walikuwa kijana Imajin, mchumba wake Lina, Mama na Papa. Wakabadilishwa sura: Imajin akawa Mario, Mama akawa Luigi, Papa akawa Toad, na Lina mchumba akawa binti mfalme. Mwaka 1988 ikauzwa Marekani kama Super Mario Bros. 2. Japani kwenyewe ilifika mwaka 1992 kwa jina la Super Mario USA.

Kwa hiyo watoto wa Uyole tulikuwa sahihi. Hakuwa Mario yule. Lakini soma mbele: Birdo anayetema mayai, vile vijitu vya kinyago viitwavyo Shy Guy, mabomu yenye miguu, vyote vilivyokuja na ile "feki" vimebaki katika gemu za Mario hadi leo. Na kuelea kwa binti mfalme kumo tena katika Super Mario 3D World ya mwaka 2013. Kama wangerudia yule wa kwanza tu, kama tulivyodai sisi bandani, binti mfalme angebaki ngomeni.

Sikupata ufunuo wowote, usidhani. Nilizima simu nikalala vibaya.

Siku ya kumi na mbili nilipanda Hiace ya Tukuyu. Mama mkwe alinipokea kwa heshima zote, ambayo ni adhabu yake ya kawaida. Tulikaa kibarazani na mke wangu, mvua ya huko haikati, nikamwomba msamaha. Nikaanza kumweleza habari ya Mario, nikajikanyaga, akaniangalia kama mtu anayepima homa.

"Yaani unanifananisha na gemu?"

"Na gemu ya pili."

Hapo ndipo alipocheka. Kisha akaacha kucheka, akasema jambo ambalo katika miaka yote sikuwahi kumuuliza. Kwao kulikuwa na banda la gemu pia. Kaka zake waliingia, yeye alikuwa akisimama nje na ndoo ya maji, anasikiliza muziki. Msichana akiingia anaitwa muhuni. "Na pale Posta," akaongeza, "nilikuwa nachoka kukusubiri. Miguu iliuma. Hukuwahi kuuliza."

Hatukurudi siku ile. Alikuwa na mzigo wa kumalizia Isyonje, na alitaka kwanza tukubaliane nani atakuwa anahesabu magunia wakati wa kupakia, maana kijana aliyemwamini alikuwa anampunja. Nikasema mimi. Akasema, "Saa kumi alfajiri, na baridi ile?" Nikasema ndiyo. Akanyoosha mkono tushikane kama wafanyabiashara, akaniambia "ndaga," kwa Kinyakyusa, kwa sura kavu kabisa.

Siku hizi usiku, mtoto akilala, tunacheza kwa zamu. Sheria ni ile ya bandani, ukifa mara tatu unampisha mwenzio. Yeye humchagua binti mfalme kila mara na hasikii ushauri. Juzi tulikuwa dunia ya nne, ya barafu, kote kunateleza, mimi nimekufa zamu mbili mfululizo na Mario wangu. Nikamwambia rudi nyuma kidogo, uje na mwendo. Akasema nimwache, anapima. Blanketi tulikuwa tumejifunika moja, nje umande unaganda kwenye majani ya viazi, na lori lilikuwa linakuja saa kumi.