Giza Nililoliomba

Ndugu msomaji, usinicheke. Tangu nimalize kidato cha nne, kazi yangu ni kutafuta giza. Nataka kuandika riwaya kuhusu mzee anayesoma nyota. Sasa nitamwandikaje na mwenyewe sizijui?

Kwetu Ujiji taa za umeme zimezifukuza nyota. Basi nikawa napanda baiskeli hadi Katonga, nakaa nyuma ya jabali, mgongo nimeupa mji. Wapi! Mwezi ukiwa mkubwa nyota hufifia. Usipokuwepo, ndipo wavuvi wa dagaa wanapoingia ziwani, maana dagaa hufuata taa kwenye giza totoro. Usiku niutakao mimi ndio wautakao wao, na Ziwa Tanganyika linawaka kama mji mwingine. Nikanung'unika mbele ya mjomba, naye ni mvuvi. Akaniambia, "Mpwa wangu, nyota hazitiwi chunguni." Hata hivyo nikaomba kimoyomoyo taa zile zizimike, japo mara moja.

Zikazimika. Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi ukasimamishwa ziwani kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Mapema Julai, usiku usio na mwezi, nikaenda tena Katonga. Safari hii mjomba alinifuata, kazi hana. Tukakaa kama nusu saa mpaka macho yakazoea. Loo! Msalaba wa Kusini umelalia kusini-magharibi, Nge amepanda juu, na ule ukungu mweupe wa nyota umekatiza mbingu nzima. Nikamwonyesha mjomba kwa kidole.

"Nazijua," akasema. "Zimenirudisha nyumbani miaka mingi."

Lakini macho yake yalikuwa ziwani, kwenye giza tupu. Nyumbani siku hizo ilikuwa ugali kwa sombe, kesho tena ugali kwa sombe. Nikaona aibu, kana kwamba dua yangu ndiyo iliyofunga ziwa.

Mwisho wa Agosti, mbalamwezi ilipopungua, taa zikarudi. Nyota zikafifia tena, wala sikuzidai. Nilikaa pale jabalini nikihesabu taa, nikibahatisha ipi ni ya mjomba.

Siku hizi nikitaka nyota navuka kilima, nakaa upande usioona ziwa. Na yule mzee wa riwaya yangu nimempa mtumbwi na taa.