Bawabu Asiyeona Nyuso

Kwetu mgeni hupiga hodi, naye mwenye nyumba humtambua kwa sauti kabla hajamwona. Tovuti haina jicho la kuona uso wala sikio la kujua sauti. Hujiwa na maelfu ya wageni, na kila mmoja huitambua kwa alama chache tu: anwani ya njia aliyopitia, namna ya chombo anachotumia, na neno la siri alilolitaja. Kwa hivyo huweka bawabu mlangoni, na bawabu huyo huuliza, “Wewe ni mtu au roboti?”

Mwanafunzi wangu mmoja hapa Migori aliudhiwa na swali hilo. Akaniambia, “Mwalimu, kwa nini nishukiwe nami sijatenda neno?” Malalamiko yake ni ya haki, na yanastahili jibu.

Mwovu wa mtandao habishi mlango kwa mkono wake. Hutunga programu, nayo hubisha mara nyingi kuliko jeshi la watu. Akipata orodha ya maneno ya siri yaliyoibwa mahali pamoja, huijaribu katika milango mingine, maana ajua kuwa watu wengi hutumia ufunguo mmoja kwa nyumba zote. Wako pia wabishao si kwa kuiba, bali kwa kuziba njia. Wakenya walionja uchungu huo Julai 2023, wakati mfumo wa serikali wa eCitizen, wenye huduma zaidi ya 5,000, uliposongwa na maombi kupita kiasi, na raia waliotafuta huduma wakakwama.

Atumiaye VPN hushukiwa zaidi. Maneno yake husafiri yamefumbwa mpaka kwenye seva ya mbali, na tovuti huona anwani ya seva ile, si anwani yake. Jambo hili lina manufaa kwa mtu anayelinda siri zake katika mtandao wa bure asioujua. Lakini seva moja huchukua watu wengi, kama matatu itokayo Isebania. Abiria mmoja akiwa na magendo, askari husimamisha gari zima, na mwalimu aliyeketi nyuma hufunguliwa mkoba wake vilevile. Tena, mtu aliyeingia jana kutoka Migori, leo akaonekana yuko Amsterdam, hafanani na mwenye nyumba. Afanana na mwizi wa ufunguo.

Mtihani wenyewe uliendelezwa mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Luis von Ahn, Manuel Blum na wenzao walitunga mafumbo ambayo mtu huyafumbua upesi na mashine hushindwa, kama vile herufi zilizopindwapindwa. Baadaye zilikuja picha za barabarani. Hapo ndipo nami nina neno kwa bawabu. Mtoto wa Migori huambiwa achague picha za bomba la wazima moto, lile la kando ya barabara za Marekani, ambalo hajapata kuliona maishani. Kipofu naye huonyeshwa picha. Akipewa sauti badala yake, aghalabu huwa imevurugwa hata haisikiki vema. Na mwaka 2024 watafiti wa ETH Zurich walionyesha kuwa mashine yaweza kufaulu mtihani wa picha kila mara. Mtihani ambao roboti hufaulu na kipofu hushindwa umepoteza maana yake.

Basi, mwanafunzi, usione haya unapoulizwa. Kushukiwa si kuhukumiwa, na swali la bawabu hulinda jina lako pia, asije mwingine akalitumia. Msaidie kwa kuwa na neno la siri la pekee kwa kila mlango. Lakini wewe utakayekuwa fundi wa mitambo kesho, kumbuka kwamba mlango haukujengwa kwa ajili ya wezi. Ulijengwa ili wenye haki waingie, na bawabu amzuiaye mwenye haki amemfanyia mwizi kazi yake.