Chupa ya rai na lebo yake ya nyuma

Najua mmezoea kunisikia nikilalamika kuhusu seva na hifadhidata, lakini leo nina chupa ya wiski mezani, kwa hivyo niwieni radhi herufi zikiyumba kidogo.

Rafiki niliyesoma naye ndiye aliyeniletea kutoka Marekani. Ni wiski ya rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo jamaa ya ngano. Kwa sheria ya huko, angalau asilimia 51 ya nafaka yake lazima iwe rai, na kinywaji kilazwe katika pipa jipya la mwaloni lililounguzwa kwa ndani. Ndiko kunakotoka hiyo rangi ya strungi.

"Hii si ya viwanda vikubwa," akaniambia. "Ni ya jamaa wachache tu shambani, wanapika wenyewe."

Haya, tuonje. Puani naipata iliki, mdalasini, na mbao kama uko karakana ya seremala. Mdomoni inauma kama pilipili manga, kisha utamu wa sukari iliyoungua unafuata polepole. Ina pombe asilimia 50, kwa hivyo nilitia kijiko cha maji: ukali ukashuka, iliki ikapanda. Barafu msitie jamani, baridi huficha harufu. Naipa 8 kwa 10.

Kisha nikafanya kile watunzi programu hufanya, nikasoma maandishi madogo. Mbele kuna picha ya ghala la mbao na farasi. Nyuma: imepikwa Indiana. Lile shamba liko jimbo lingine kabisa! Mjini Lawrenceburg, Indiana, kuna kiwanda kikubwa kinachowauzia wenye lebo ndogo wiski iliyopikwa kwa rai asilimia 95, nao huitia chupani na kuipa jina na hadithi. Nadhani hii ilitoka huko. Sheria inaruhusu, mradi jimbo ilikopikwa litajwe.

Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Mwaka jana nilimuuzia mama mmoja mwenye duka la dawa mfumo wa kuhesabu bidhaa. Nilimwambia nimeuandika mwenyewe, mstari kwa mstari. Ukweli ni kwamba nilishusha programu huria, nikabadilisha rangi na nembo, nikatafsiri menyu. Leseni iliruhusu, mradi niache jina la mtunzi. Nililiacha, ndani ya faili ambayo yule mama hataifungua maishani. Na mfumo unafanya kazi vizuri, kama vile wiski hii ilivyo tamu.

Jana akanipigia simu. Anataka kunipeleka kwa dadake. "Kijana wangu, wewe unajenga mwenyewe, si kama wale wengine." Nilinyamaza mpaka akauliza kama simu imekatika.

Kesho saa nne naenda dukani kwake nimwonyeshe ile faili. Rafiki yangu bado sijamwambia lolote kuhusu lebo. Chupa imebaki nusu, na Ijumaa anakuja tuimalize.